Mbegu Zangu Haziogelei, na Mke Wangu Ndiye Anayekunywa Dawa

Shangazi Elinipa, shikamoo. Mimi ni msomaji wa safu yako kutoka Visiga, Kibaha, mara nyingi nakusoma kwenye magazeti ambayo dukani wanatufungia misumari, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja mwandishi wa barua nitakuwa mimi, kwa hiyo nakuomba jina langu ulifiche na majina ya wenzangu uyabadilishe, na ukitaka kucheka basi ucheke ukishamaliza kusoma, kwa sababu nina jambo limenikaa kooni na nimeahirisha kulitema mpaka sasa sina tena pa kuahirishia.

Mimi ni fundi wa kuezeka, nafunga kenchi za mbao na kupiga bati, kazi zangu nyingi ziko Mkuza ambako watu wanamalizia nyumba zao, na asili yetu ni Kisarawe. Mke wangu anaitwa Hajira, ni mtu wa Kondoa, tulikutana hapa hapa Visiga alipokuja kumsaidia dada yake saluni, huu ni mwaka wa saba tangu tuoane na ni mwanamke ambaye nikiwa juu ya paa la watu nawaza saa ya kurudi nyumbani, lakini hatujapata mtoto, hata mimba ya kuharibika hatujaiona. Mama yangu hana roho mbaya, ila tangu mwaka wa pili amekuwa akileta mizizi kutoka Kisarawe imefungwa kwenye kitambaa, Hajira anaichemsha, na kila asubuhi kabla ya chai anakunywa kikombe kizima cha uchungu ule, anakunywa amesimama kwenye mlango wa jikoni amenipa mgongo, akimaliza anashika mwimo wa mlango mpaka kichefuchefu kipite, halafu anageuka na kuniambia chai tayari.

Mwaka huu Hajira alikwenda mwenyewe kupimwa, akaambiwa yeye hana tatizo linaloonekana, amlete mume. Nilikasirika shangazi, nilimwambia mimi sina la kupimwa, na naomba radhi kulisema hili mbele ya mtu mzima, nguvu zangu hazina mashaka hata kidogo, vumbi la Kongo sijawahi kulihitaji ingawa nimelitumia kwa ajili ya uhakika, na muuza supu ya pweza wa Maili Moja ananiita kwa jina nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Lakini neno la daktari liliniganda, nikamuaga Hajira kwamba nakwenda Dar kutafuta bati za rangi aliyotaka mteja, nikaenda kwenye kliniki moja ya uzazi kwa daktari anayeitwa Leodegar.

Alipomaliza vipimo alinigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Mbegu zilikuwepo, tena nyingi, nikafurahi, nikamwambia, "Si unaona, daktari?" Akasema, "Ziangalie vizuri, fundi. Kuna hata moja inayokwenda mahali?" Nikaangalia. Hakuna iliyokuwa inakwenda, Shangazi, zilikuwa zinatetemeka pale pale, mikia mingine mifupi kama imekatwa, mingine imejikunja, mingine haipo kabisa, kichwa kipo peke yake kimeduwaa. Akaniuliza kama nina kikohozi cha siku nyingi au mafua yasiyoisha tangu utotoni, nikadhani ananitafutia kifua kikuu, nikasema sina. Akaniuliza kama wazazi wangu ni ndugu. Nikamwambia ndiyo, mama ni binti wa mjomba wake baba, kwetu ni jambo la kawaida na la heshima. Akatikisa kichwa taratibu, akaanza kunieleza habari za protini na mifupa ya mkia, kwamba ndani ya ule mkia kuna nyuzi zinazoushikilia umbo na kuuchezesha, na zangu hazikujengeka sawasawa. Nikamuuliza, "Yaani kama kenchi?" Akasema, "Kama kenchi hasa." Aliendelea kunieleza kuna njia, kuna sindano, kuna maabara, lakini mimi masikio yalikuwa yameziba, nikainuka nikaaga kabla hajamaliza.

Nilipofika nyumbani Hajira akaniuliza, "Bati umepata?" Nikasema zimeisha. Asubuhi yake akanywa kikombe chake, nami nimekaa namwangalia mgongo. Ndiyo hali yetu tangu siku ile.

Sasa sikiliza lililonifanya niandike. Mama na mjomba, kaka yake mama, wameamua nioe mke wa pili, naye ni Zuwena, binti wa huyo mjomba. Mimi na Zuwena ni mabinamu, tangu utotoni tunaitana mume wangu na mke wangu kama mabinamu wote wa kwetu wanavyotaniana, akinipikia ugali naukashifu, nikivaa kanzu ananiambia nimefanana na mto uliovishwa foronya, sasa ule utani wakubwa wameuokota na kuugeuza posa. Mama aliniambia, "Mwanangu, Hajira ni mtoto mzuri na wala simfukuzi, lakini ni mtu wa kuja, damu zenu hazijaelewana. Damu ya nyumbani inajuana. Mimi na baba yako hukutuona?" Na kwa kweli niliona ana hoja, maana wao walizaa, wametuzaa sisi watatu, kaka yangu Halidi, mimi, na dada yetu Tatu ambaye ana watoto wanne, kwa hiyo ukoo hauna tatizo la kizazi. Halidi naye hajabahatika lakini yeye ni mikosi ya wake tu, ameacha wawili kwa sababu hawazai, na mmoja wao alipoolewa Maneromango akapata mapacha, watu wanasema huko alikutana na mganga mzuri.

Mzee Badru, ambaye ndiye mshenga, anapeleka posa Ijumaa ijayo. Jumapili nilikwenda Kisarawe, wakati wa kuondoka Zuwena akanisindikiza hadi barabarani, akaniambia, "Mume wangu, tumetaniana mpaka wakubwa wamesikia. Mimi naambiwa nije nikuzalie. Nikija nisipozaa, na mimi nitaletewa mizizi?" Nikacheka. Yeye hakucheka, akaniangalia mpaka nikapanda bodaboda.

Hajira naye ameshaambiwa. Alisema tu, "Kama ndiyo heri ya nyumba, sawa." Ila tangu siku ile, Shangazi, anakunywa vikombe viwili.

Naomba unisaidie, nikikataa posa lazima nitoe sababu, na sababu nikiitoa Hajira ataondoka, kwa nini abaki na mwanaume ambaye hata mbegu zake zimemshinda, na mafundi wenzangu wakisikia nitapandaje juu ya paa na wao wako chini wananiangalia? Au nikubali tu nijaribu bahati, huenda kwa mtu wa damu moja mbegu zikaamka? Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Ni mimi, Fundi wa Visiga.

SHANGAZI ELINIPA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Sikucheka. Nilipofika kwenye vikombe viwili nilivua miwani nikaiweka mezani, nikazunguka chumba nikikusema peke yangu, na mengine niliyoyasema hayachapishwi. Mkeo anajitia sumu asiyoijua, kwa ugonjwa asio nao, mbele ya macho ya mtu anayejua. Mizizi ile hakuna aliyeipima, ini na figo za Hajira ndizo zinazoipokea kila asubuhi, na wewe umekaa unasubiri chai! Hilo ndilo linalonikera, wala si mbegu zako. Mbegu zako hukuzichagua, lakini kunyamaza umekuchagua.

Haya, nimeshafoka. Sasa nikupe pole, na ninaitoa kwa moyo. Kukaa mbele ya kompyuta ukaona kile ulichokiona, peke yako, huku umemdanganya mkeo kwamba unatafuta bati, ni mzigo mzito kwa mwanaume yeyote. Wenzako wengi wanaukimbia kabla hata ya kufika mlangoni. Wewe ulikwenda, ukapimwa, ukaangalia. Kosa lako ni kuondoka kabla daktari hajafika kwenye sehemu nzuri, kwa hiyo nimempigia daktari mmoja wa uzazi ninayemfahamu ili nikumalizie maelezo uliyoyakimbia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wanaume wa Maili Moja mmeyachanganya kwenye sufuria moja la pweza. Nguvu za kiume ni kitu kimoja na uzazi ni kitu kingine. Unaweza kuwa imara kitandani mpaka kitanda kikaomba kustaafu, na bado mbegu zisifike. Supu kunywa kama unaipenda. Vumbi liache leo, maana hakuna vumbi linalojenga mkia.

Na mkia unajengwa kweli, hapo ulimuuliza daktari swali zuri. Seli ya mwili haina mifupa kama yetu, ina nyuzi na mirija ya protini inayoishikilia. Ndani ya mkia wa mbegu iliyo salama kuna mirija myembamba kupita unywele mara nyingi sana, jozi tisa zimepangwa duara kuzunguka mirija miwili ya katikati, urefu wote wa mkia. Protini moja inayoitwa tubulini ndiyo mbao zenyewe. Zipo nyingine ambazo ni vishikizo, na nyingine ni kama vijimota vinavyoivuta mirija ipishane, mkia ukapinda huku na huku, mbegu ikaogelea. Vijinywele vinavyosafisha njia ya hewa navyo vimejengwa kwa mirija ya namna hiyo, ndiyo maana daktari alikuuliza habari za kikohozi na mafua. Hata kichwa kinachongwa hivyo hivyo, mbegu inapokua nyuzi hizo husimama kukizunguka kama jukwaa la mafundi, kichwa kikishapata umbo jukwaa linavunjwa. Sasa wewe unajua nyumba ikikosa kishikizo kimoja muhimu kwenye kenchi inakuwaje. Mbao zipo, misumari ipo, lakini paa halikai. Kwako inaelekea kuna protini moja ya mkia inayotoka na kasoro au haitoki kabisa, na mkia mzima unajikunja.

Inatoka na kasoro kwa sababu ramani ya kuitengeneza, yaani kinasaba, ina kosa. Kila mtu anapewa ramani mbili, ya baba na ya mama. Moja ikiwa na kosa, mwili kwa kawaida unajisomea nyingine, na mtu anaishi maisha yake yote asijue. Lakini wazazi wako wametoka kwa babu mmoja. Ikiwa babu alikuwa na kosa lile, baba yako angeweza kulipokea na mama yako pia, na wewe ukaletewa ramani mbili zenye kosa pale pale. Sisemi ndivyo ilivyo, kipimo cha vinasaba ndicho kitakachosema, lakini ndiyo sababu daktari alikuuliza habari za ndugu ukaona anakupekua ukoo.

Sasa soma tena barua yako, kijana. Umemtaja kaka yako Halidi kwa kupita tu kama mtu anayetaja hali ya hewa. Wake wawili kawaacha kwa utasa, na mmoja sasa analea mapacha Maneromango. Mganga gani? Yule mama alichobadilisha ni mume! Ushahidi uko kwenu miaka yote, unanyonyeshwa hadharani, na ukoo mzima unauangalia na kusema ni mizizi. Dada yako Tatu kuzaa hakuondoi kitu, kwa sababu yai halina mkia wa kuogelea.

Na kuhusu Zuwena uliniomba ukweli, haya. Mbegu yako haitaamka kwa sababu inakwenda kwa binamu. Mkia hauulizi unakwenda kwa nani. Utamtoa binti wa watu Kisarawe, umwache ahesabu miezi, na mama yako atafungua kitambaa cha pili. Yeye mwenyewe ameshaliona hilo, amekuuliza waziwazi barabarani, na wewe ukamjibu kwa kicheko. Tena hata kama mngepata mtoto kwa msaada wa maabara, Zuwena ametoka kwa babu yule yule, huenda naye anabeba kosa hilo bila kujua, na mtoto wenu wa kiume angeweza kuja kukaa kwenye kiti ulichokaa wewe mbele ya kompyuta.

Lakini Hajira ni wa Kondoa. Hapo ndipo nilipotabasamu, mwanangu. Mnamwita mtu wa kuja, mnalisema kama dosari, na ndilo jambo bora lililoingia kwenye ukoo wenu kwa muda mrefu. Uwezekano wa yeye kubeba kosa lile lile la babu yenu ni mdogo sana. Watoto wako kwake wangepokea ramani yako mbovu na ramani yake nzima, na ile nzima kwa kawaida inatosha.

Najua unaniuliza watoto hao watatoka wapi. Ni ile sehemu uliyoikimbia. Kazi ya mkia ni usafiri tu, ramani ya mtoto imefungwa kichwani. Mbegu ikishindwa kwenda, wataalamu wanaibeba. Wanachukua mayai ya mama, wanachagua mbegu moja iliyo hai hata kama mkia wake umejikunja, wanaiingiza ndani ya yai kwa sindano nyembamba sana chini ya hadubini, kisha kiinitete kikishaanza kukua kinarudishwa kwenye tumbo la uzazi. Dar kuna wanaofanya kazi hiyo. Wanaume wenye tatizo kama lako wamepata watoto kwa njia hiyo, watoto wanaokimbia na kuvunja vikombe kama wengine. Siwezi kukuahidi mtoto, maana si kila jaribio linashika, gharama yake si ndogo, na Hajira ndiye atakayechomwa sindano nyingi, kwa hiyo uamuzi huo ni wake kama ulivyo wako. Ila mlango upo na uko wazi. Uliupa mgongo tu.

Sasa nakuagiza. Mzee Badru asitoke nyumbani kwake Ijumaa. Mpigie mama yako mwenyewe, usimtume mtu, umwambie umepimwa, tatizo ni lako, na Hajira hana kosa. Si lazima umweleze habari ya mikia, lakini hilo la Hajira hana kosa ulitamke kwa sauti, tena mjomba naye asikie. Halidi mtafute ana kwa ana, umshauri akapimwe kabla hajaacha mwanamke wa tatu. Mafundi wenzako hawahusiki. Anayekudharau kwa kitu kisichoonekana kwa macho, mwache na macho yake.

Kisha rudi kwa Daktari Leodegar, na safari hii usiende peke yako.

Unaogopa Hajira ataondoka. Anaweza, sitakudanganya, na akiondoka atakuwa na haki. Lakini mwanamke aliyekunywa uchungu miaka yote hii kwa ajili yako, akaongeza kikombe cha pili ili asikupoteze, si mtu wa kukukimbia kwa sababu ya mkia. Kama ataondoka, ataondoka kwa sababu ya kunyamaza kwako, na kila asubuhi unayosubiri unaizidisha sababu hiyo. Akilia mwache alie. Akikasirika usijitetee. Kesho asubuhi akienda mlango wa jikoni, inuka kwenye kiti chako, umtoe kile kikombe mkononi, ukimwage, umwambie, "Ni mimi." Mengine yatafuata.

NYONGEZA

Gazeti hili lingemfikia Fundi baada ya Ijumaa, kwa hiyo majibu haya nilimtumia kwanza kwenye namba ya simu aliyoiandika kwenye bahasha. Wiki iliyofuata alinipigia, na haya nayaandika kwa ruhusa yake na ya mkewe.

Posa haikwenda. Mama yake alikata simu, kisha akapiga tena jioni akiuliza kama Hajira anaumwa popote. Zuwena ametuma ujumbe kwamba anamshukuru mume wake wa utani na anamwombea abaki kuwa wa utani.

Dawa yake ilipomwagwa, Hajira aliuliza kwa nini, akajibiwa, "Ni mimi," na akaelezwa hata uongo wa bati. Hakulia. Alivaa viatu akaenda saluni, akarudi jioni, akapika, akala, akageukia ukutani akalala. Fundi anasema bora angempiga kwa nyundo. Asubuhi yake aliamka kabla ya mumewe, akachemsha chai ya iliki, akamimina kwenye kile kikombe cha dawa, ila safari hii hakwenda mlangoni. Alivuta kiti akakaa mbele ya mumewe, akanywa polepole akimwangalia, na kikombe kilipofika nusu akasema, "Haya, sasa nieleze hizo kenchi. Na usiondoke kabla hujamaliza."